Mlima wa Tanga ni upepo

Siku ya kwanza kwenda kazini kwa baiskeli nilifika nimelowa chapachapa. Blauzi imeganda mgongoni, mtandio unachuruzika, na jasho limeniingia machoni hata tundu la kufuli silioni. Mlinzi wetu, mzee mmoja mwenye maneno yake, alinitazama juu mpaka chini, akaangalia mbingu, kisha akauliza, "Binti, kwani huko kwenu Mwakidila mvua imenyesha?"

Nilikuwa nimeendesha kilomita tano tu, tena tambarare tupu.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu baiskeli ni chombo cha kusukuma. Unaipakia viazi na karoti, unaisukuma kupanda, na ukianza kushuka unamwomba Mungu breki zishike. Nilipohamia Tanga mwaka 2019 kushika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nilichokipenda kwanza hakikuwa bahari. Nilipenda jinsi ardhi ilivyolala. Nilisimama Ngamiani, kwenye zile barabara zinazohesabiwa tu, ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu mpaka uchoke, nikaona mama mmoja na baibui lake anapita kwa baiskeli. Kikapu cha mbele kimejaa vitu vya sokoni, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine anaupunga huku akiwaamkia watu wa barazani bila kusimama. Nikasema hii ndiyo yangu.

Hesabu nayo ilinikubalia, na mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Daladala ilikuwa inanila shilingi 800 kwa siku kwenda na kurudi, siku 26 za mwezi. Baiskeli ya mtumba ya Kijapani, yenye kikapu mbele na karia nyuma, niliipata kwa 150,000. Katika mwezi wake wa nane ilikuwa imerudisha fedha yangu. Pancha sikuzihesabu, maana ningezihesabu ningekata tamaa.

Kilichotaka kunishinda ni joto. Wiki mbili za mwanzo nilibeba nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki, nikawa najifungia chooni kujifuta kama mtoto aliyecheza matopeni. Nikadhani dawa ni kwenda kasi ili nifike mapema, jua lisinipate. Nikazidi kulowa.

Aliyenifungua macho ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, babu wa watu, anakaa chini ya mwembe na kopo lake la gololi na ndoo ya maji ya kutafutia pancha. Nilikwenda kukaza cheni. Akanisikiliza nikilalamika, akacheka.

"Shikamoo yako nimeipokea, sasa sikiliza. Ukiwa unakwenda, unasikia joto?"

Nikafikiri. "Hapana, babu. Nikiwa nakwenda napigwa na upepo."

"Unalisikia wapi?"

"Nikifika."

"Basi wewe tatizo lako si kuendesha. Tatizo lako ni kusimama."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii na sijaona kasoro yake. Ukiendesha, mwili unatengeneza moto, lakini mwendo wenyewe unakuletea upepo, na upepo ndio unaokausha jasho. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo bila upepo jasho halikauki, linatiririka tu bila faida. Sasa wewe umekimbia njia nzima, umefika mlangoni, umebana breki. Upepo umekatika palepale. Lakini mwili haujui kuwa umefika. Unaendelea kuchemka dakika kumi nzima umesimama mbele ya bosi wako unasema "habari za asubuhi".

"Kwa hiyo nifanyeje?" nikamuuliza.

"Endesha kama unapeleka posa. Mtu anayepeleka posa hafiki anahema."

Tangu siku ile nusu kilomita ya mwisho naiendea polepole, naizungusha pedeli kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nikikaribia dukani nasimama kwanza chini ya mwarobaini ulio upande wa pili wa barabara, nabaki kwenye tandiko na mguu mmoja chini, nakunywa maji, nawaamkia wapita njia. Dakika tano. Halafu ndiyo naingia. Zile nguo za kubadilisha niliacha kuzibeba kabla mwezi haujaisha.

Babu aliniongezea na jingine siku hiyohiyo bila kumwomba. Alipandisha tandiko langu. Nilikuwa nimelishusha chini kabisa ili miguu yote miwili iguse ardhi, kwa uoga wa mtu wa milimani, na magoti yakawa yananiuma usiku. Akaniambia nikae, niweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Hapo ndipo tandiko linapokaa. Nilijiona kama nimepanda ngamia. Lakini maumivu ya magoti yaliisha, na jasho likapungua, kwa sababu nilikuwa napoteza nguvu nyingi kwa kuendesha nimejikunja kama mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Na njia pia nilibadilisha. Mwanzo nilikuwa nashika barabara kubwa ya Pangani mpaka mjini kwa sababu ni fupi. Lakini barabara kubwa ni ya kusimama: daladala inakukata mbele kushusha abiria, bajaji inageuka bila kuaga, bodaboda anatokea kushoto. Kila breki ni joto jipya, na kila kuondoka upya ni kazi maradufu. Sasa naingia mitaani mapema. Naongeza pengine robo tatu ya kilomita, lakini magurudumu hayasimami. Kero ni mchanga, na watoto wanaoona kengele yangu ni mchezo.

Baada ya joto nikakutana na mlima. Ndiyo, Tanga kuna mlima, nao ni upepo.

Nyumbani kwangu ni kusini, kazini ni kaskazini. Nilianza kuendesha mwezi Februari, kaskazi, ule upepo unaotoka kaskazini, imekolea. Asubuhi hakuna shida, ule upepo wa umande unaotoka bara unakuwa mwepesi, na ndio huohuo wavuvi wanaotokea nao. Jioni kaskazi inanisukuma mgongoni mpaka mlangoni. Nikajisifu kwamba nimepata mapafu. Ilipofika Juni, kusi, upepo wa kutoka kusini, imetawala, nikaona baiskeli imekuwa nzito ghafla kila jioni. Nikakagua breki kama zinakwaruza rimu. Nikatia mafuta. Nikaipeleka kwa babu nikamwambia beringi zimekufa.

Babu akainyanyua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, mpaka tukachoka kulitazama. Akaniambia, "Beringi zako nzima. Kilichokufa ni kaskazi."

Watu wa pwani hii walisafiri mpaka Arabuni na kurudi kwa pepo hizi mbili, na mimi nilikuwa nalaumu beringi. Tangu hapo nazihesabu siku zangu kama nahodha. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kurudi nyumbani ni bure. Kusi ikishika, ninalipa. Na kati yake kuna zile wiki za tangambili, upepo haujaamua, leo huku kesho kule, na unaweza kupigwa usoni kwenda na kupigwa usoni kurudi. Kwenye mlima wa kwetu angalau unajua kilele kiko wapi, na ukishakifika unateremka. Mlima wa upepo hauna kilele. Ukishindana nao kwa kasi unakuongezea. Unachoweza kufanya ni kuinama kidogo, kulegeza mwendo na kukubali kuchelewa. Kanga iliyofungwa ovyo au baibui lililoachwa wazi linageuka tanga la jahazi, tena linalovuta kurudi nyuma. Mimi nazikunja nguo na kuzibana na klipu za nywele, na pindo la chini nalipitisha mbali na cheni, maana kava langu la cheni lilipasuka zamani.

Kuhusu kivuli nitasema kitu ambacho kilinichukua mwaka mzima kukigundua, na mpaka leo kinaniudhi. Huku kwetu tunaendesha kushoto. Asubuhi nakwenda kaskazini, kwa hiyo kushoto kwangu ni magharibi. Jua linatoka mashariki, nyumba za mashariki zinamwaga kivuli upande wao wa barabara, mimi nimepangiwa upande wa jua. Jioni narudi kusini, kushoto kwangu sasa ni mashariki. Jua limehamia magharibi, kivuli kimehamia magharibi, na mimi nimo juani tena. Mtu anayekaa kaskazini ya mji na kufanya kazi kusini anapata kivuli kwenda na kurudi, bila kujua, bila kumshukuru Mungu. Kama ningeyajua haya kabla ya kupanga chumba ningetafuta upande ule wa kaskazini.

Dawa niliyoipata ni saa. Nikiondoka saa moja asubuhi, jua liko chini na vivuli ni virefu, vinafunika njia yote ya mtaani kutoka ukuta mpaka ukuta. Nikichelewa mpaka saa mbili kasorobo vimeshajikunja ukingoni. Dakika arobaini na tano zinatofautisha safari ya raha na safari ya mateso. Na kuna vipindi viwili ambapo mchana hakuna kivuli cha kutafuta kabisa. Tanga iko nyuzi tano hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo mapema Machi, na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini. Nguzo ya umeme haina kivuli. Wewe mwenyewe unakanyaga kivuli chako.

Ni katika Machi ya namna hiyo nilipokaribia kufa kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani ya 2024. Kufikia hapo nilikuwa najiona mwalimu, nawapa watu mawaidha ya kuendesha. Nimefunga, na saa sita unusu nikaombwa kupeleka stakabadhi kwa mteja Raskazone, kule ufukweni. Wenzangu wakasema panda bajaji. Nikasema mimi na baiskeli yangu. Kwenda nilikuwa natazamana na kaskazi, upepo wa bahari usoni, pedeli nzito lakini mwili baridi. Nikafika vizuri, nikakabidhi, nikageuza.

Kurudi kulikuwa rahisi mno. Baiskeli inakwenda yenyewe. Nikafurahi, nikaona Mungu ameniwepesishia kwa kuwa nimefunga. Sikugundua kwamba upepo ulikuwa nyuma yangu na unakwenda sawasawa na mimi. Ukiwa na upepo wa nyuma unaolingana na mwendo wako, usoni hakuna kitu. Hewa imesimama. Ni sawa na kuendesha ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, jua limewekwa utosini. Upepo wa mbele unakuchosha lakini unakupoza. Upepo wa nyuma unakubeba huku unakupika.

Dalili ya kwanza ilikuwa baridi. Vinyweleo vya mikono vikasimama, mchana ule, kama nimerudi Lushoto mwezi Julai. Kichwa kikaanza kugonga. Nikaona barabara inapanda, na njia ile haipandi popote. Nilibahatika kushuka mwenyewe kabla ya kuangushwa. Nikaikokota baiskeli mpaka kwenye baraza la nyumba moja, nikakaa bila hata kubisha hodi.

Mama mwenye nyumba alitoka, bibi mtu mzima. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniambia nilale, miguu niiweke juu ya ngazi, akaleta ndoo na kata akawa ananimwagia maji kichwani, shingoni na kwapani, huku mjukuu wake ananipepea kwa ungo. Kisha akaniletea kikombe cha maji yenye chumvi na sukari kidogo. Nikamwambia, "Bibi, nimefunga."

"Ulikuwa umefunga. Sasa unaumwa. Kunywa mwanangu, utailipa."

Nikanywa. Ile siku moja niliilipa baada ya Idi, na yule bibi nikampelekea kapu la matunda damu ya kwetu, maana huku pwani hayaoti. Bado napita kumwamkia. Kila nikipita ananiuliza kama nimekunywa maji.

Sasa mchana wa kaskazi sigeuzi kurudi na upepo wa nyuma bila kuloweka mtandio kwanza. Nauchovya kwenye maji, naukamua, navaa. Nakunywa kabla ya kiu, maana kiu ikija umeshachelewa. Na Ramadhani ikiangukia miezi hii, baiskeli ni ya asubuhi tu na jioni. Mchana nalipa bajaji kama binadamu wengine.

Baiskeli yenyewe nayo inaumwa joto. Kuna siku niliiegesha juani nyuma ya duka, tairi nimelijaza mpaka linalia ukiligonga, tena tyubu ina viraka sita. Saa saba tukasikia mlipuko. Wateja wawili wakalala chini kwenye mifuko ya saruji. Kumbe ni tairi la nyuma. Hewa ilikuwa imepanuka, gundi ya viraka imelainika, vikaachia. Babu aliniambia tyubu yenye viraka vingi haijazwi asubuhi kama unapanga kuiacha juani, na kwamba tyubu mpya ni rahisi kuliko aibu.

Chumvi ya bahari ni adui wa pili. Cheni ya hapa ukiiacha wiki tatu bila kuigusa inageuka rangi ya tofali. Vijana wengi wanaipaka oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bure, nami nilifanya hivyo. Oili ile inavuta mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unakuwa kama msasa, unakula meno ya gia kila unapozungusha. Mimi siku hizi naisugua cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naiacha ikauke, halafu naidondoshea mafuta ya cherehani, tone moja moja kwenye kila kiungo, na yanayobaki nje nayafuta. Jumapili moja kwa mwezi, redio ikiwa inaimba.

Masika sina mengi ya kusema ila mawili. Rimu za chuma zikilowa breki hazishiki, kwa hiyo anza kuzibana mapema, na usifuate gari lolote kwa karibu. Na dimbwi usilolijua jana usiliingie leo. Nilishawahi kupoteza kiatu.

Nakumbuka pia reli. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 bado inaukata mji wetu, na njia yangu inaivuka. Ukiivuka kwa mshazari gurudumu linaingia kwenye ufa kati ya chuma na barabara na unalala chini mbele za watu. Unaivuka kwa kuikabili, wima. Hili sikufundishwa na babu. Nilifundishwa na goti langu la kulia, ambalo lina alama mpaka leo.

Mwaka jana mwezi wa saba baba alinitembelea kutoka Lushoto. Ni mtu wa sabini na kitu, mkavu, anapanda mlima kila siku kwenda shambani na hajui daktari ni nini. Aliniona natengeneza safari yangu ya asubuhi: chupa ya maji, mtandio, klipu, kuangalia miti inainamia wapi. Akacheka sana. Akasema, "Hii nchi haina hata kichuguu, ninyi mnajiandaa kama mnakwenda vitani."

Jumamosi akaomba baiskeli aende mjini akaone soko na bandari. Nikamwambia, "Baba, kurudi urudi mapema, kabla ya alasiri." Akasema mimi ndiye mtoto au yeye.

Saa nne asubuhi akanipigia simu kutoka Ngamiani, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, hii baiskeli yako inajiendesha! Nimekuja kama ndege!" Nikasema Alhamdulillahi, baba. Nikatazama mnazi wa jirani. Makuti yote yalikuwa yamelala upande wa mjini.

Alasiri ikapita. Chakula kikapoa. Karibu na magharibi nikatoka barazani, nikamwona kwa mbali anakuja, kofia ameishika mkononi, baiskeli anaisukuma kama tunavyozisukuma kwetu kupanda na viazi. Nikakimbia kumpokea.

"Shikamoo baba. Imepata pancha?"

"Marahaba. Hapana." Akanikabidhi usukani, akafuta uso kwa kofia. "Nimeona tutembee kidogo."